Kilele cha urani Minjingu: ndege ilitafuta madini ya nyuklia, chini palikuwa na mbolea

Mwaka 1956 upimaji wa mionzi kutoka angani, uliokuwa ukisaka urani kaskazini mwa Tanganyika, ulionyesha kilele kikali karibu na kilima cha Minjingu, upande wa mashariki wa Ziwa Manyara. Walipofuatilia ardhini walikuta fosfeti, mwamba wenye fosforasi unaofaa kwa mbolea: kinyesi cha minandi (ndege walao samaki) na mifupa ya samaki, vilivyolala kwenye kingo za ziwa la kale hadi vikageuka mwamba. Urani ilikuwamo kweli, lakini ndani ya fuwele za apatiti, yaani madini ya fosfeti yenyewe, kwa kiasi kisichofanya mgodi wa urani na kinachotosha kabisa kuwasha kila chombo cha kupima mionzi ya gama kinachopita juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi na kiwanda cha kusaga vilianza kazi kwa msaada wa Ufini, na hadi leo jina la Minjingu linajulikana kwa wakulima kuliko kwa wanajiolojia.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama bahati njema. Hapa tunakichambua kwa namna nyingine: ndege iliona nini hasa, kwa nini ishara ya fosfeti inafanana na ya urani, na mahali gani mtu anaweza kupotea kati ya namba za angani na jembe la ardhini.

Kinachohesabiwa na ndege

Urani-238 yenyewe haitoi gama yenye nguvu ya kutosha kupenya mita mia moja za hewa. Kinachopimwa ni mtoto wake wa mbali, yaani elementi inayozaliwa urani inapotengana hatua kwa hatua: bismuthi-214, anayetoa gama ya MeV 1.765 (MeV ni kipimo cha nguvu ya mwale). Kati yake na urani wapo radiamu-226 na gesi ya radoni, na wote wawili wana tabia ya kuhama. Kwa thoriamu hupimwa talisi-208 kwenye MeV 2.615. Potasiamu-40 pekee ndiyo inayojieleza yenyewe, kwa MeV 1.461. Ndiyo maana ramani makini huandika eU na eTh, yaani urani na thoriamu «sawia»: hesabu iliyogeuzwa kuwa kiwango kwa kudhani mnyororo mzima wa mtengano umekaa pamoja bila kuvunjika.

Vyombo vingi vya miaka ya 1950 vilihesabu gama zote kwa jumla, bila kuzitenganisha kwa nguvu. Kwa chombo cha namna hiyo, granaiti yenye potasiamu nyingi, kilima cha kabonatiti (mwamba wa moto wenye kaboneti nyingi) chenye thoriamu na fosfeti yenye urani vyote ni «joto» tu, yaani mionzi mingi. Hilo peke yake linaeleza kwa nini wakati ule kila kilele kililazimu safari ya miguu.

Leo seti ya kawaida ni fuwele za iodidi ya sodiamu, kila moja sentimita 10.2 × 10.2 × 40.6, sawa na lita 4.2. Nane hutazama chini, jumla lita 33.6, na mbili hukaa juu yake zikikingwa na zile za chini ili zipime radoni ya hewani. Spektra, yaani hesabu za gama zilizogawanywa kwa nguvu katika vyumba 256, huandikwa kila sekunde. Madirisha yaliyozoeleka, yaani sehemu za spektra zinazohesabiwa kwa kila elementi, ni MeV 1.37–1.57 kwa potasiamu, 1.66–1.86 kwa urani na 2.41–2.81 kwa thoriamu. Kila kinachozidi MeV 3 huhesabiwa kuwa mionzi ya anga za mbali.

Kwenye mwinuko wa mita 100, seti hiyo hutoa takriban hesabu 10 kwa sekunde kwa kila ppm moja (sehemu moja kwa milioni) ya urani. Ardhi ya kawaida ina ppm 2 hadi 3. Maana yake sekunde moja ina hesabu kama 25 za urani, na makosa ya kubahatisha ya hesabu 25 ni 5, yaani asilimia 20, kabla hata ya kutoa mionzi ya nyuma, ile isiyotoka ardhini. Ramani laini yenye rangi nzuri inaficha jambo hili. Mtu anayechora mipaka ya miamba kwa tofauti ya nusu ppm ya urani anachora kelele.

Ukubwa wa doa na bahati ya mstari

Hapa ndipo kisa cha Minjingu kinafundisha zaidi. Asilimia 90 ya gama inayofika angani hutoka kwenye sentimita 30 hadi 45 za juu za udongo mkavu. Tabaka la fosfeti lililofunikwa na mita moja ya udongo wa mfinyanzi halionekani kamwe, hata liwe na utajiri gani. Minjingu ilionekana kwa sababu matabaka yake yanajitokeza juu kuzunguka kilima, kile ambacho zamani kilikuwa kisiwa. Sehemu zilizozama chini ya mashapo ya ziwa zilikuja kujulikana kwa mashimo na mitaro. Ndege haikuwa na lolote la kusema juu yake.

Tuchukue hesabu ya mfano. Doa la mduara lenye nusu kipenyo cha mita 50 lina urani ppm 400, na ardhi inayolizunguka ina ppm 2. Ndege ikipita juu yake katikati, kwenye mita 100, takriban moja ya tano ya gama zinazofika hutoka ndani ya doa, nyingine zote hutoka nje yake. Kwa hiyo ramani itaandika kama ppm 80. Tayari ukweli umepunguzwa mara tano, ingawa hakuna kosa lolote la chombo.

Sasa sogeza mstari wa kuruka mita 250 pembeni. Umbali wa mshazari unakuwa karibu mita 270, hewa inakula zaidi, na mwale unatoka ardhini kwa pembe ndogo. Mchango wa doa unashuka hadi ppm 1 hivi, ndani kabisa ya kelele tuliyoitaja. Mita 500 pembeni hakuna kitu cha kupimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania nzima ilipimwa kwa ndege kwa mistari iliyoachana kilomita 1, kwenye mwinuko wa takriban mita 120. Kwa nafasi hiyo, doa la ukubwa wa viwanja viwili vya mpira likiangukia katikati ya mistari miwili halipo kwenye data. Kwa hiyo ramani ya nchi nzima inafaa kusema «hapa pana mwamba mpana wenye urani», na haifai kabisa kusema «hapa hapana kitu». Wanaosoma nafasi nyeupe kwenye ramani kama jibu la hapana huwa wanajidanganya.

Fosfeti ya Minjingu ilinusurika na tatizo hili kwa sababu haikukaa sehemu moja. Imetandazwa kandokando ya kilima.

Mwinuko nao una lake. Gama ya bismuthi hupungua kwa kigezo cha takriban 0.0084 kwa kila mita ya hewa. Rubani akipanda kutoka mita 100 hadi 200 ili kukwepa kilima, hesabu hushuka hadi asilimia 43 hivi. Marekebisho ya mwinuko hurudisha wastani lakini hayarudishi takwimu zilizopotea; unazidisha kelele kwa 2.3 pamoja na ishara. Ukivuka mita 250 ni afadhali kuifuta sehemu hiyo kuliko kuipamba. Upande wa magharibi wa Ziwa Manyara, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ndege ya mabawa haiwezi kufuata ardhi, na data ya hapo inapaswa kusomwa ukiwa na safu ya mwinuko pembeni. Minjingu iko upande wa tambarare. Hiyo nayo ilisaidia.

Marekebisho yanayoleta uongo yakikosewa

Juu ya kilele kama cha Minjingu, marekebisho mengi hayabadilishi hukumu: ishara ni kubwa mno. Yanabadilisha kila kitu pale unapotafuta Minjingu ya pili, iliyofunikwa nusu.

La kwanza ni kutenganisha madirisha. Gama ya thoriamu yenye MeV 2.615 ikigongana na udongo na hewa hupoteza nguvu na kuangukia dirisha la urani. Uwiano wake hupatikana kwa kuweka ndege juu ya mabamba ya zege yenye viwango vinavyojulikana, kwa kawaida mita 1 × 1 na unene wa sentimita 30. Chini ni kama 0.27, na huongezeka kwa 0.00049 kwa kila mita ya mwinuko, hivyo kwenye mita 100 ni takriban 0.32. Mwamba wa kawaida wenye thoriamu ppm 11 unaotoa hesabu 60 hivi utaingiza hesabu 19 kwenye dirisha la urani. Usipoziondoa umejipatia karibu ppm 2 za urani ambayo haipo. Kwenye kilima cha kabonatiti kama Mrima, Kwale, ambako thoriamu ni nyingi sana, kosa dogo la uwiano huo linazaa «mgodi wa urani» kwenye karatasi.

La pili ni radoni. Asubuhi yenye utulivu, hewa baridi ikikaa bondeni, radoni hukusanyika na watoto wake hung'aa angani kama urani. Mvua ni mbaya zaidi: huwaosha watoto hao hadi ardhini na kuinua hesabu za urani mara nyingi kupita kiasi cha kweli. Bismuthi-214 ina nusu uhai wa dakika 20 tu, kwa hiyo kanuni ya kusubiri angalau saa 3 baada ya mvua inatosha kwa radoni. Haitoshi kwa maji yenyewe. Kila asilimia 10 ya unyevu inayoongezeka kwenye udongo hupunguza gama kwa kiasi karibu hichohicho, na udongo wa mfinyanzi wa kando ya ziwa hukaa na maji siku nyingi. Kanda hii inafaa kupimwa mwisho wa kiangazi.

La tatu linahusu Manyara hasa, nalo husahaulika. Ni desturi kuruka juu ya maji ili kupata mionzi ya nyuma ya ndege, anga na radoni, kwa sababu mita moja ya maji huzuia karibu gama zote za ardhini. Ziwa Manyara ni la kina kifupi, na eneo lake hupanuka na kusinyaa vibaya mwaka hadi mwaka. Mchakataji akitumia mpaka wa ziwa wa ramani ya zamani, huku sehemu hiyo siku ya kuruka ilikuwa tope kavu lenye potasiamu, atatoa gama za ardhi akidhani ni za nyuma, na mstari mzima utazama chini, pengine hadi viwango hasi. Dalili ni michirizi inayofuata mistari ya kuruka inayovuka ziwa. Dawa ni picha ya satelaiti ya wiki ileile.

Uwiano unavyosema, na pale unapokaa kimya

Baada ya marekebisho, swali la kuuliza kilele si «ni kikubwa kiasi gani?» Ni «urani imepanda pamoja na nani?» Katika miamba ya kawaida thoriamu huzidi urani mara 3.5 hadi 4. Juu ya granaiti, potasiamu, urani na thoriamu hupanda pamoja. Kabonatiti iliyooza juu hupandisha thoriamu zaidi. Fosfeti ya ziwani inapandisha urani peke yake, na thoriamu inabaki chini.

Sababu ni ya kemia. Maji ya maziwa ya magadi yana kaboneti nyingi, na urani iliyooksidishwa huungana nayo na kusafiri ikiwa imeyeyuka. Thoriamu haiyeyuki, hubaki kwenye chembe za mchanga. Apatiti inapojijenga kutokana na fosforasi ya kinyesi na mifupa, urani huingia mahali pa kalsiamu, kwa kuwa ayoni zao zinakaribiana kwa ukubwa. Kwenye picha ya rangi tatu yenye nyekundu kwa potasiamu, kijani kwa thoriamu na buluu kwa urani, Minjingu inapaswa kuwa buluu safi, ikichafuka na zambarau pale mfinyanzi unapoleta potasiamu.

Tatizo ni kwamba buluu hiyohiyo hutolewa na vitu vingine viwili vya kanda hiihii ya kati na kaskazini. Kimoja ni kalikriti (tabaka gumu la chokaa lililojijenga kwenye udongo) yenye urani kwenye mabonde yaliyofungwa, kama ya Bahi na Manyoni: nayo ililetwa na maji, nayo haina thoriamu. Cha pili ni chemchemi za moto zinazomwaga radiamu bila urani. Kwa chombo cha gama, radiamu iliyoganda kwenye mashapo ya chemchemi na urani halisi ni kitu kimoja, maana bismuthi-214 ni ileile. Uwiano umeshindwa hapo. Hakuna programu ya kompyuta itakayouokoa.

Kufuatilia ardhini

Kazi ya ardhini huanza na spektrometa ya mkononi yenye fuwele ya milimita 76 × 76. Pima sekunde 120 hadi 180 kila kituo, mahali tambarare, mbali na kingo za mtaro. Ukiweka chombo ndani ya shimo, gama zinakuja pia kutoka kuta, na usomaji unaweza kukaribia mara mbili bila urani kuongezeka. Wengi wameandika «inaongezeka na kina» kwa sababu hiyo tu. Ndani ya mtaro linganisha usomaji wa kina kimoja na kingine kwa umbo lilelile la shimo, au chukua sampuli na uache namba za chombo.

Fosfeti laini ya Minjingu haina sura ya madini. Ni vumbi jeupe au la kijivu, lililopangwa kwa tabaka na mfinyanzi, na mtu aliyekuja kutafuta urani ya manjano anaweza kulikanyaga na kupita. Kipimo cha haraka ni amonia molibdeti ndani ya asidi ya nitriki: weka matone kwenye unga wa mwamba, na fosfeti hutoa mashapo ya manjano. Asidi ya haidrokloriki peke yake haiamui. Kalikriti huchemka sana, lakini fosfeti ya hapa nayo ina kaboneti na itachemka kiasi. Mifupa ya samaki na ya minandi ikionekana kwa macho, hoja imekwisha. Tabaka hizi zimejaa mabaki ya mnandi wa jamii iliyotoweka.

Kisha maabara, na vipimo viwili kwa sampuli ileile. Kwanza urani ya kikemia na fosfeti kwa eksirei. Pili, gama: kilo moja hivi ya unga hufungwa kwenye chombo kisichovuja hewa na kuachwa wiki 3 hadi 4, ili radoni, yenye nusu uhai wa siku 3.8, ilingane tena na radiamu. Anayepima siku ya pili atapata kiwango cha chini kwa sababu radoni ilitoroka wakati wa kusaga. Urani ya kikemia na eU zikilingana, mnyororo umetulia. eU ikizidi mbali, una radiamu iliyohamia. Ikipungua, urani imefika karibuni na watoto wake hawajazaliwa vya kutosha. Katika mashapo machanga kama ya Bonde la Ufa kipimo hiki hakirukwi.

Kwa Minjingu, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2000 vilitoa radiamu-226 takriban Bq (bekereli, yaani mtengano mmoja kwa sekunde) 5,760 kwa kilo kwenye fosfeti na Bq 4,250 kwenye mabaki ya mgodi. Ppm 1 ya urani iliyotulia ni Bq 12.35 kwa kilo, kwa hiyo fosfeti ni sawa na eU ppm 466. Hewani mgodini kiwango kilikuwa wastani wa nanogrei 1,415 kwa saa, dhidi ya wastani wa dunia wa ardhi wa karibu 60. Zidisha kwa saa 2,000 za kazi na kwa 0.7, kigezo cha kugeuza kipimo cha hewani kuwa dozi ya mwilini: ni milisiveti 2 kwa mwaka kwa gama ya nje pekee, bila vumbi linalovutwa. Kikomo cha mtu wa kawaida ni 1, cha mfanyakazi wa mionzi ni 20. Hiyo inamaanisha mfanyakazi wa hapo anahitaji kinga ya vumbi na kumbukumbu ya vipimo, na kifusi cha mgodi hakifai kujengea nyumba. Haimaanishi mgodi ufungwe.

Kuhusu shamba, hofu huwa kubwa kuliko hesabu. Kilo 250 za unga kwa hekta, dozi inayoleta kilo 30 hivi za fosforasi, hubeba gramu 117 za urani. Sentimita 20 za juu za hekta moja zina uzito wa takriban tani 2,600, na kwa ppm 2.7 tayari zina kilo 7 za urani. Nyongeza ni asilimia 1.7 kwa msimu. Unga huu hufanya kazi bila kiwanda cha asidi kwenye udongo mchachu, kama wa magharibi mwa Kenya ambako umejaribiwa sana. Kwenye udongo wenye pH iliyo juu hauyeyuki, na mkulima anayelalamika kwamba «haifanyi kitu» mara nyingi yuko sahihi.

Anayetaka kurudi kwenye data za zamani, zinazotunzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, asianze na ramani iliyokwisha kupakwa rangi. Aombe mistari yenyewe. Achague sehemu ambazo eU inazidi eTh, afute zilizorukwa juu ya mita 250, kisha aweke juu yake mistari ya fukwe za kale za Manyara na mabonde jirani, hasa kuzunguka vilima vilivyowahi kuwa visiwa. Pale ambapo kilele kinaonekana kwenye mstari mmoja tu, kwa sekunde mbili au tatu, aende na chombo cha mkononi, chupa ya molibdeti na sururu.